Msibadilishe paneli za gari la zamani kabla hamjajua maji yanatoka wapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nichangie makala mliyoitoa kuhusu kutunza magari ya zamani. Kwa sehemu kubwa makala ile ilikuwa ya kujenga, hasa pale mwandishi alipoeleza habari za injini na kutu ya bodi. Ila alipoingia ndani ya gari alimaliza kwa sentensi moja: paneli za milango zikishalowa na kuvimba, ng'oa, tupa, funga mpya. Mimi ni fundi viti. Ninashona viti, dari na paneli za magari ambayo viwanda viliacha kuyatengeneza miaka mingi iliyopita, na nimeona ushauri huo ukifuatwa neno kwa neno. Mvua ya kwanza ikinyesha gari linarudi: paneli mpya imepinda, reksini imetoa mapovu, na ndani kunanuka uvundo ule ule.

Paneli haiozi yenyewe. Kuna maji yaliyoifikia, na maji hayo yana njia. Usipoifuata njia hiyo, paneli mpya nayo italowa, na safari hii utakuwa umeshatupa ile ya zamani, ambayo ndiyo ingekuonyesha maji yanapita wapi na ndiyo ingekuwa kipimo cha kukatia nyingine. Hilo ndilo linalonifanya niandike.

Watu wengi wanaamini mlango wa gari umezibwa usiingize maji. Haukuzibwa. Kioo lazima kipande na kushuka, kwa hiyo ule mpira unaokifuta kwa nje, pale kinapozama mlangoni, hauwezi kukibana kabisa. Mvua ikinyesha, maji huteremka juu ya kioo, hupenya kwenye mpira, huingia katika tumbo la mlango na kushuka hadi chini, kisha hutokea kwenye vitundu vilivyoachwa makusudi katika ukingo wa chini. Mlango mzima ulipangwa hivyo. Kati ya tumbo hilo na paneli unayoiegemeza kiwiko, kiwanda kiliweka pazia. Katika magari ya zamani zaidi lilikuwa karatasi iliyopakwa lami au nta, baadaye ikaja nailoni. Pazia hupokea matone yanayoruka kutoka kwenye kioo na mashine ya kioo, ile inayokipandisha na kukishusha, na kuyarudisha ndani ya mlango ili yatoke kwa vile vitundu.

Hapo pa kuyarudisha ndani ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Ukingo wa chini wa pazia hautakiwi kuning'inia upande wa abiria. Unatakiwa kuchomekwa kwenye mwanya ulio chini ya bati la ndani, ili tone linaloteremka juu ya nailoni lidondoke tumboni mwa mlango. Fundi akiubandika ukingo ule nje ya bati, hata kama ameubandika kwa unadhifu na gundi nzuri, amechimba mfereji unaopeleka maji kwenye ubao wa paneli. Mara nyingi nafungua paneli mpya kabisa na kukuta pazia limebandikwa hivyo, au limeondolewa kabisa kwa kudhaniwa ni takataka ya kufungashia iliyosahauliwa kiwandani.

Niwape mfano mmoja. Mzee mmoja aliniletea Volkswagen Beetle yake, gari analolipenda kwa dhati, akiwa amefungiwa paneli mpya muda si mrefu. Ukifunga mlango wa dereva unasikia maji yakichapa ndani. Nilipoitoa paneli nilikuta pazia limekatwa duara kubwa kupisha spika, na spika yenyewe imetota hadi karatasi yake imekuwa laini. Nikainama kutazama vitundu vya chini. Havikuonekana. Mtu alikuwa amepuliza lami nzito ya kuzuia kutu chini ya mlango wote, akavifunika vyote. Nilichukua waya mwembamba, nikauchomeka taratibu. Kwanza ulitoka udongo mweusi mzito wenye majani yaliyooza, kisha maji ya rangi ya chai yakamwagika chini hadi yakafika kwenye viatu vya mwenye gari. Paneli ile mpya ilikuwa imekaa juu ya bwawa.

Bahati njema, yule mzee alikuwa ameihifadhi paneli ya kiwanda, nikamwomba ailete. Doa la paneli ya zamani lina mengi ya kusema ukilitazama kwa utulivu. Michirizi inayoanzia juu na kushuka inaonyesha mpira wa kioo umekakamaa au umechanika. Doa la mviringo kuzunguka klipu au kuzunguka mkono wa kuzungushia kioo huonyesha pazia limetoboka mahali pale pale. Lakini doa lililonyooka kutoka upande mmoja hadi mwingine, lenye ukingo mkali kwa juu, ni alama ya kina: maji yalisimama ndani ya mlango na ubao ukayanywa kutoka chini. Paneli ya yule mzee ilikuwa na doa la namna hii ya tatu. Maana yake vitundu vilikuwa vimeziba tangu enzi za paneli ya kwanza, na hakuna aliyeinama kuvitazama.

Kwa nini ubao wenyewe unaharibika vibaya hivi? Paneli nyingi za magari ya kati ya karne iliyopita zilikatwa katika hadibodi. Hadibodi ilibuniwa na Mmarekani William H. Mason mwaka 1924 huko Laurel, Mississippi, kwa kutumia mabaki ya viwanda vya kupasulia mbao. Vipande vya mbao viliwekwa kwenye mvuke wenye shinikizo kubwa, shinikizo likaachiliwa ghafla, mbao zikalipuka zikawa nyuzi. Nyuzi hizo zikatandazwa na kubanwa kwa joto hadi zikashikana kwa lignini, kile kile kinachoushikilia mti ukiwa hai. Geuza kipande cha hadibodi uone: upande mmoja ni laini, wa pili mara nyingi una alama za wavu, kwa sababu ulibanwa juu ya wavu wa waya ili mvuke upate pa kutokea. Sasa nyuzi zilizobanwa kwa nguvu kiasi hicho zikinywa maji hutaka kurudi unene wao wa asili, na zikisharudi hazikubali tena kukaa chini. Kingo hufumuka kama kurasa za kitabu kilicholoa. Unaweza kuikausha paneli, uzito wake ukapungua, lakini pale palipovimba unene hautapungua tena, na nguvu iliyopotea imepotea. Anayekuahidi kuibana kwa mawe hadi irudi ilivyokuwa anakudanganya.

Lakini mara nyingi kilichooza ni upana wa kiganja tu kwa chini, na labda matundu machache ya klipu. Robo tatu ya ubao bado ni nzima, imara, na imebeba kila tundu mahali ilipokusudiwa na kiwanda. Kuitupa paneli kama hiyo ni hasara. Kipimo changu ni ukucha wa kidole gumba. Ninaukandamiza kuanzia ukingo wa chini kwenda juu, na pale unapoacha kuzama ninapiga mstari kwa penseli. Mstari ukiwa chini, tunatengeneza. Ukiwa umepita katikati ya paneli, au ubao unamomonyoka ukiushika, au ukungu umetokeza hadi upande wa pili, hapo nakubaliana na mwandishi wenu kwamba inahitajika mpya.

Kuitoa paneli kwenyewe kunaua paneli nyingi kuliko maji. Ifanyie kazi gari likiwa limepata joto, kwa sababu reksini ya zamani ikiwa baridi hupasuka. Tafuta kwanza skrubu zote zilizofichwa: chini ya egemeo la mkono, nyuma ya kitasa, na chini ya kifuniko kidogo cha plastiki cha mkono wa kioo. Katika Beetle za mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuendelea, kifuniko hicho hubanduliwa ukaona skrubu. Za kabla ya hapo mkono ulishikwa na pini inayosukumwa nje. Asiyejua hilo huvuta mpaka kitu kikatike. Kisha ingiza chuma bapa chenye mdomo wa panya karibu kabisa na kila klipu na unyanyue hapo hapo. Ukinyanyua katikati ya klipu mbili, klipu inabaki kwenye bati na tundu linang'oka pamoja na kipande cha ubao. Klipu za Beetle zina raba ndogo zinazokaa kwenye tundu la bati. Raba hizo huzuia maji kupita kwenye tundu na pia huzuia mlio, kwa hiyo zikiwa zimekauka badilisha zote, hata ile inayoonekana nzuri.

Kukausha ni kivulini, si juani. Jua hukausha upande mmoja haraka na ubao unapinda kuufuata. Ulaze juu ya vipande vya mbao ili hewa ipite chini, weka uzito juu, na ugeuze kila siku. Ukipima uzito wake leo na kesho ukakuta haubadiliki, umekauka. Sponji au pamba iliyokuwa chini ya reksini itupe bila huruma, maana ndiyo inayohifadhi ule uvundo. Reksini yenyewe jitahidi kuiokoa. Ile mistari unayoiona kwenye paneli nyingi za miaka ya 1960 na 1970, inayofanana na mshono, haikushonwa. Ilikandamizwa kwa joto la umeme kiwandani, na cherehani haiwezi kuirudia ikatoka vile vile. Ipashe joto la wastani, ibandue polepole ukianzia kona iliyo nzima, na usiikunje.

Kutengeneza sehemu iliyooza si jambo la kuogofya. Kata kwa mstari ulionyooka juu kidogo ya alama ya penseli. Piga msasa ukingo uliobaki uwe mshazari, na kipande kipya kipige mshazari unaokutana nao. Kwa ubao wa milimita 3 mimi huacha mshazari wa milimita 30 hivi, ili gundi ipate eneo la kutosha kushika. Paka epoksi, ile gundi ngumu ya kuchanganya sehemu mbili, pande zote mbili, weka nailoni chini na juu ili isishike meza, kisha laza uzito. Ikikauka, piga msasa hadi mkono usihisi kiungio, kwa sababu reksini huonyesha kila tuta. Pale nyuzi zilipolegea kidogo tu, tumia epoksi nyepesi ukiinywesha taratibu mpaka ubao ukatae kunywa zaidi. Gundi nyeupe ya kawaida ya mbao isitumike hapa, nyingi yake hulainika tena ikikutana na maji. Matundu ya klipu yaliyochanika nayo yanatengenezeka: kata mraba mdogo, pachika kipande kipya, kisha chonga upya lile tundu lenye umbo la tundu la ufunguo, pana upande mmoja na jembamba upande mwingine, ili klipu iweze kuteleza na kujipanga yenyewe. Nimewaona mafundi wakikata tamaa na matundu na kupiga skrubu za bati kupitia reksini hadi kwenye mlango. Hiyo ni dhuluma kwa gari. Kila skrubu ni tundu jipya la maji na chanzo kipya cha kutu.

Nakuja kwenye paneli mpya, maana zipo hali ambazo haiepukiki. Beetle zilitengenezwa zaidi ya milioni 21 hadi ya mwisho ilipotoka kiwandani Puebla, Meksiko, Julai 2003, kwa hiyo paneli zake zilizokatwa tayari zinapatikana. Kwa gari lililotengenezwa kwa idadi ndogo ni lazima ukate mwenyewe, na ubao wa zamani ndio ramani pekee uliyo nayo. Bahati nzuri hadibodi huvimba zaidi kwa unene kuliko kwa urefu, hivyo hata ubao ulioharibika bado unaaminika kwa vipimo. Ulaze juu ya ubao mpya, chora kwa penseli kali, na sehemu iliyomomonyoka kabisa ikamilishe kwa kupima mlango wenyewe au kwa kupindua paneli ya upande wa pili. Usikubali kubandika reksini kabla ubao mtupu haujafungwa mlangoni, klipu zote zikaingia, na mkono wa kioo ukazunguka bila kukwaruza.

Kuhusu aina ya ubao, watu wanauliza sana, nami nina upande wangu. Plaiwudi nyembamba ya gundi isiyoogopa maji ndiyo ninayoipenda kwa gari linalotumika kila siku. Ni nyepesi, ina nguvu, na tundu la klipu halichaniki upesi. Hadibodi iliyonyweshwa mafuta ya kitani na kuokwa inafaa kwa anayetaka gari libaki karibu na lilivyotoka kiwandani. Plastiki ya ABS haiozi, na wauzaji wanaisifia kwa hilo, lakini husahau kusema kwamba hurefuka kwa joto: bamba la mita moja huongezeka milimita 3 hivi joto likipanda nyuzi 40. Ukilibana kwa matundu yasiyo na nafasi litajikunja katikati siku ya jua kali. Ukiamua kulitumia, refusha kidogo matundu ya klipu kwa upande, na hakikisha gundi yako inashika plastiki hiyo. Chochote utakachochagua, unene usizidi ule wa kiwanda. Milimita 1 tu ikizidi, klipu hazifiki kwenye bati na vishikio vyote vinabana.

Kisha ubao upakwe vanishi ya poliyurethani au epoksi pande zote mbili, kwenye kingo zote, na ndani ya kila tundu. Nasisitiza pande zote mbili. Wapo wanaopaka nyuma tu kwa kuwa mbele kunafunikwa na reksini. Upande usiopakwa huendelea kunywa unyevu wa hewa huku wa pili ukikataa, na ubao unapinda hata usipoguswa na tone. Gundi ya reksini nayo iwe ile ya kupaka pande mbili na kusubiri ikauke mguso, na chombo chake kiandikwe kwamba inavumilia joto kali. Ndani ya gari lililofungwa juani joto huvuka nyuzi 60 kwa urahisi, na gundi dhaifu huachia reksini kuanzia kwenye mikunjo.

Pazia jipya ni karatasi nzito ya nailoni, ikatwe kwa kufuata la zamani kama lipo. Libandikwe kwa utepe wa butili, aina ya mpira laini unaonata, ambao haukakamai na unakuruhusu kulibandua siku ya kutengeneza mashine ya kioo. Silikoni yenye harufu ya siki isikaribie mlango wako, kwa sababu ile harufu ni asidi, na asidi hiyo inakula bati. Na spika, kwa ndugu zangu wapenda muziki: kama lazima zikae mlangoni, kila moja ijengewe kikinga cha plastiki kwa nyuma, na pazia lipite nyuma ya kikinga hicho bila kukatwa. Binafsi napenda zikae pengine.

Milango nimeieleza kwa kirefu kwa sababu ndiyo inayonijia zaidi. Paneli za miguuni zikilowa, tazama kwanza chini ya wipa, kwenye mkondo wa maji wa kioo cha mbele. Majani yaliyojikusanya huko huziba njia na maji huingia kwa mlango wa hewa. Rafu ya nyuma ikivimba, mpira wa kioo cha nyuma ndio wa kushukiwa. Gari lenye dari ya kufunguka lina mirija midogo inayoshuka ndani ya nguzo, na mmoja ukiziba utashangaa maji yanatokea mbali kabisa na dari. Kwa zile za kifahari zenye mbao zilizobandikwa karatasi nyembamba ya mti wa mjozi, mfano Jaguar Mark 2, kazi hiyo mpe seremala anayeijua. Mimi huzifungua na kuzikausha tu.

Jambo la kuzitunza paneli za zamani silisemi kwa mapenzi ya kizee. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoundwa mwaka 1966, lina Hati yake ya Turin, mwongozo wa kutunza magari hayo. Msimamo wake ni kwamba kuhifadhi kunatangulia kubadilisha, na kwamba sehemu asili zinazotolewa kwenye gari zihifadhiwe pamoja nalo. Ukiipindua paneli ya kiwanda unaelewa kwa nini. Nimekuta migongoni mwa paneli hizo mihuri ya wino, namba zilizoandikwa kwa mkono kwa kalamu ya nta, na mstari wa penseli wa mtu aliyekuwa akihakikisha klipu zimekaa sawa. Hakuna paneli ya kununua itakayokuja na hayo, na anayetaka kujua gari lake lilitoka kiwandani na rangi gani ya reksini ataikuta pale ilipokunjwa nyuma, mahali ambapo jua halikuifikia.

Kwa hiyo, wenye magari, mkipeleka gari kwa fundi kwa ajili ya paneli, ombeni mambo haya kabla ya kulipa chochote. Paneli ikishatoka, kioo kifungwe, mlango umwagiwe maji kwa nje kwa utulivu, nanyi msimame mkitazama kwa ndani. Karatasi nyepesi ya kufutia ikibandikwa kwenye bati la ndani hubadilika rangi mara inapoguswa na tone, na njia yote ya maji itaonekana. Nyaya za spika na swichi zitolewe kwanza. Hesabuni vitundu vya chini, na muone maji yakitoka kwenye kila kimoja. Jaribio lirudiwe pazia jipya likishabandikwa, kabla paneli haijarudi. Fundi anayejua kazi yake hatakasirika kuombwa hivyo. Mimi nafurahi, kwa sababu mteja aliyeona maji kwa macho yake haniulizi kwa nini mpira wa kioo umo kwenye hesabu. Na mkiondoka, ondokeni na ubao wenu wa zamani, hata kama umebaki nusu.

Ninaloomba kwako, Mhariri, ni kwamba mwandishi wa makala ile akiendelea na mfululizo wake atenge toleo moja kwa ajili ya sehemu za ndani ya gari, na likiwezekana lichapishwe na mchoro wa mlango uliokatwa ubavuni: kioo, mpira, tumbo, pazia lililochomekwa ndani ya bati, vitundu vya chini, na ubao mwisho kabisa. Mchoro huo niko tayari kuuchora mwenyewe na kuuleta ofisini kwenu.

Wako,
Fundi viti na paneli, msomaji wa siku nyingi